Si Dawa, Ni Kinga

Jumamosi, 30 Agosti 2025

Leo nimekuwa mkalimani! Mimi, Élyse, mbele ya akina mama wote wa kijiji chetu hapa Juru, kwenye makazi ya wakimbizi.

Mwalimu wa kilimo cha uyoga alitoka Mbarara. Anaitwa Mama Medius. Kiswahili chake ni cha kununulia nyanya tu — alisema hivyo mwenyewe, akacheka. Kwa hiyo alifundisha kwa Kiingereza na mimi nikageuza kwa Kiswahili, maana Warundi na Wakongo wote wanakisikia.

Papa alinifundisha kutafsiri kabla hajahamia Ruti, kule Mbarara, kwenye kazi ya useremala. Usiongeze, usipunguze. Neno likiwa gumu, litafute mpaka ulipate. Aliniachia kamusi yake, ile aliyofundishia Bujumbura. Na ndiye aliyesema niandike shajara kwa Kiswahili, kwa sababu shuleni ni Kiingereza tupu na nyumbani Kirundi kinaingia kila mahali.

Mama Medius alieleza kwamba uyoga una nyuzinyuzi ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga. Zinateremka hadi utumbo mpana, na kule zinakuwa chakula cha bakteria wazuri. Choo kinakuwa laini. Hapo vicheko! Kabanyana, jirani yetu, akapaza sauti: "Bwana yangu akiingia mu choo, jua linazama iko tu mule ndani. Ye anaweza kula mufuko muzima?" Nilitafsiri hilo pia. Sikupunguza! Mama Medius alicheka mpaka akaketi.

Kisha akasema ndani ya kuta za seli za uyoga mna kitu kinachoitwa beta-glukani. Askari wa mwili wakikutana nacho wanakuwa macho zaidi. Akataja neno la Kiingereza la ule uwezo wa mwili kujilinda na maradhi. Nilisimama kidogo. Nikaliona neno kwenye ukurasa wa kamusi kama vile liko mbele yangu: kinga. Nikasema, "Uyoga unasaidia kinga." Akina mama wakaitikia, aaa, kinga. Wanalijua. Nilifurahi mno.

Alimaliza kwa kusema watafiti bado wanachunguza. Mengi yameonekana kwa panya na katika maabara, kwa watu bado ni machache. Ni chakula kizuri, basi. Nilisema yote. Mtu mmoja nyuma akauliza, kwa hiyo si dawa? Nikamjibu bila kumngoja Mama Medius: "Si dawa. Ni kinga." Wakapiga makofi.

Tumepewa mifuko yetu. Imejazwa maganda ya maharage yaliyochemshwa, na mbegu ya uyoga imo ndani. Inataka mahali penye giza, pa baridi, pasipo upepo. Mama alisema bila kufikiri: tutaiweka kwa Dieudonné.

Nilihesabu mifuko upya.


Jumatatu, 1 Septemba

Tumefungua chumba cha Dieudonné.

Kaka yangu aliaga dunia miaka miwili iliyopita, msimu wa mvua kama huu unaokuja. Mifupa ilikuwa inamuuma, macho ya njano. Hatukujua jina la ugonjwa. Tulilijua baadaye, mdogo wetu Irakiza alipopimwa akakutwa nao — selimundu. Hapa wanasema sikoseli. Mama anasema drépano. Majina mengi, na yote yamekuja akiwa ameshazikwa.

Shangazi zake Mama walinong'ona msibani kwamba alimchelewesha kufika hospitali. Mama alisikia. Nami nilisikia.

Chumba kilikuwa vilevile. Ukuta wa udongo, juu shitingi, turubai la msaada, kitanda cha miti. Hakuna dirisha, aliomba mwenyewe lizibwe kwa sababu upepo ulimuuma kwenye viungo. Kila nikitoka alikuwa anasema, "Élyse, funga mlango." Kila mara. Hata nikiwa nimeshaufunga.

Tumetundika mifuko juu ya kitanda chake. Mama hakutaka kitanda kitolewe. Mama Medius alipita kuangalia, akasema ni mahali pazuri sana, kisha akatuonya: hewa kavu ni adui, mkitoka fungeni mlango.

Ni maneno ya kawaida tu. Najua.

Irakiza hajui lolote. Ana miaka minne. Asubuhi Mama anatikisa kopo la vidonge vyake vya kinga, cha-cha-cha, na yeye anacheza ndipo anakunywa. Bila ngoma ya kopo hafungui kinywa! Kidonge hicho ni cha kila siku, kinazuia homa kali zinazowashambulia watoto wenye ugonjwa huu. Dieudonné hakukipata.


Jumapili, 28 Septemba

Umeota!

Baada ya misa niliingia na tochi ya simu. Mifuko yote imekuwa myeupe, na pembeni, palipokatwa, umetoka uyoga kwa mafungu. Mweupe, mwembamba, umepindika ukingoni. Mama Medius alisema utafanana na chaza wa baharini. Mimi sijawahi kuona chaza. Niliona masikio. Masikio madogo mengi yameelekea kitandani.

Nilitoka mbio. Halafu nikarudi kufunga mlango.

Mama aliingia peke yake baadaye, akakaa muda mrefu. Nilimsikia anaongea polepole kwa Kirundi. Nilidhani anasali rozari. Lakini mtu akisali haulizi, "Ulilala vizuri?"


Jumapili, 12 Oktoba

Tunakula uyoga kila siku sasa. Mama anaukaanga na kitunguu, au anauchanganya na maharage. Irakiza anapata bakuli lake kwanza, kabla yetu. Tumbo lake, ambalo lilikuwa linafunga siku nyingi, limetulia. Hilo ni kweli, nimeliona. Nyuzinyuzi! Nilimweleza mwalimu wa sayansi, akasema niandike mada kwa ajili ya klabu ya sayansi. Nataka siku moja nifanye kazi kwenye maabara, niangalie mwenyewe hizo beta-glukani zinafanya nini na hazifanyi nini.

Na Mama ameimba. Leo, akiosha sufuria. Sijamsikia akiimba tangu Dieudonné. Niliacha kusoma ili nisikilize.

Kabanyana amekuja kuomba uyoga. Alisema bwana wake sasa anatoka chooni kungali mapema, na hana tena mahali pa kumkimbia mkewe. Mama alicheka!

Lakini kuna kitu. Asubuhi nyumba imekuwa kimya. Naamka na kuhisi pengo, kama saa ya ukutani iliyosimama. Sijui ni nini kimepungua.


Jumatano, 22 Oktoba

Siandiki hili ili niaminike. Naandika ili nisilibebe peke yangu.

Nilirudi kutoka shuleni, hapakuwa na mtu nyumbani. Nilitaka kuchuma uyoga wa jioni. Niliingia, nikachuma, nikageuka kutoka. Nikasikia, "Élyse, funga mlango."

Ilikuwa sauti yake. Si kama sauti yake. Yake.

Nilisimama mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kitanda kitupu. Masikio yale yote, na maji yanadondoka kwenye mifuko. Nilifunga mlango taratibu kama ninavyoufunga mtu akiwa amelala.

Nilimwambia Mama. Nilitegemea aseme nimechoka, nimesoma sana. Hakushangaa hata kidogo. Aliniambia, "Weye umesikia leo. Mimi namusikia toka siku ya kwanza." Halafu akaninong'oneza, uso wake unang'aa kama wa msichana, kwamba Dieudonné hakwenda bure. Alikosa kinga yeye, basi sasa anamtumia dada yake mdogo. Inaota juu ya kitanda chake. Ingeota wapi kwingine?

Ni mara ya kwanza naona Mama ana amani. Mtu akipata amani, wewe mtoto wake unaanzia wapi kumnyang'anya?

Niliukaanga ule uyoga. Nilikula.


Alhamisi, 6 Novemba

Irakiza anaungua.

Ilianza asubuhi. Alikataa uji, akakataa kubebwa. Akashika tumbo upande wa kushoto. Kufikia saa nne macho yalikuwa ya njano — njano ile ile. Mama alimfunga mgongoni, tukapanda boda mpaka kituo cha afya. Mama hakuchelewa. Naandika hapa: hakuchelewa hata dakika.

Muuguzi aliuliza, dawa ya kinga anapata? Mama akajibu haraka, "Kila siku." Muuguzi akaandika kwenye kadi. Wakasema hili ni la hospitali ya Mbarara. Gari la wagonjwa likaja.

Niko ndani ya gari. Mwandiko unaruka. Irakiza ananiangalia bila kupepesa. Nimemwambia tunaenda kumwona Papa. Amesema kitu kidogo sana. Nimeinama kusikia.

Amesema, "Funga mlango."

Mlango wa gari umefungwa. Umefungwa kabisa.


Ijumaa, 7 Novemba

Mbarara. Wodi ya watoto. Irakiza ana drip mkononi na wamemwongezea damu. Homa haijashuka.

Jirani yetu wa kitanda anaitwa Mama Resty, mke wa mwanajeshi wa kambi ya hapa mjini. Mtoto wake amevunjika mguu. Anaongea Kiswahili cha jeshi, kama anatoa amri. "We msichana, mbona mama yako hakuli? Kuja hapa, beba hii matoke. Kulia itakuja baadaye, kwanza kula!" Alitulazimisha. Ninampenda tayari.

Mchana Mama alikoroga uji wa Irakiza, akatoa kwenye mfuko lile kopo la vidonge. Nilifurahi kuliona. Akalifungua karibu na sikio langu, na ndipo nilipoelewa.

Kopo halikulia.

Hakuna cha-cha-cha. Ndani mlikuwa na unga wa rangi ya maziwa. Uyoga uliokaushwa, ukatwangwa. Harufu ya chumba cha Dieudonné ikatoka humo mpaka kitandani.

Ule ukimya wa asubuhi. Mwezi mzima nimekuwa nikiusikia!

Niliuliza vidonge viko wapi. Mama alijibu bila kificho, kama nimeuliza chumvi iko wapi: alimpa Kabanyana, mtoto wake alikuwa anakohoa na wao hawana. Irakiza havihitaji, anayo kinga nyingine. Nikamwambia, Mama, si kinga ileile. Akanikazia macho:

"Si ni weye ulisema? Mbele ya bantu bote? Si dawa, ni kinga. Na muganga wa kituo kila mara ananiambia vilevile, hii si ya kumuponesha, si dawa ya ugonjwa, ni kinga tu. Maneno ni moja, Élyse. Ya kwake inatoka mu kopo. Ya kwetu inatoka kwa kaka yako."

Sentensi moja. Yake na yangu. Neno kwa neno.

Na yangu hakuna aliyenipa. Mama Medius hakuisema kwa Kiingereza. Niliitunga mwenyewe kwa sababu ilikuwa na mlio mzuri.

Nilijaribu. Nilimweleza polepole kwamba kidonge kinaua vijidudu vyenyewe, na uyoga ni chakula, chakula kizuri kweli, lakini hakiwezi kusimama mlangoni badala ya kidonge. Kwamba kinga ya kwanza ni ya kupewa na ya pili ni ya mwili wenyewe, na Kiswahili kimezipa jina moja. Alisikiliza yote. Nilimwona anaelewa. Uso wake ulianza kuzeeka mbele yangu.

Akaniomba jambo moja tu. Nisimwambie kwamba Dieudonné hakuwa mule ndani.

Sikumwambia.

Jioni Papa alifika kutoka Ruti, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alimshika Irakiza vidole vya miguu, kimoja kimoja. Aliniuliza kama ninatafsiri vizuri hapa hospitalini. Nikasema ndiyo. Akasema, "Usiongeze, usipunguze, mwanangu." Mama aligeukia ukutani.

Amerudi Ruti. Hajui.


Jumamosi, 8 Novemba

Homa iko palepale. Irakiza hafungui macho ila akiitwa.

Daktari Tumusiime amepita sasa hivi. Ni kijana, ana sauti ya chini, anazungumza Kiingereza taratibu ili nimfuate. Alinieleza vizuri. Dawa waliyoanza nayo haijashusha homa, na leo lazima achague. Kadi inasema mtoto alikuwa anapata kidonge cha kinga kila siku. Kama ni kweli, basi vijidudu hivi vimeshakizoea, na dawa za ukoo huo hazitafaa. Itabidi aruke moja kwa moja kwenye dawa kali, ambayo ni ngumu kwa figo za mtoto kama huyu. Kama si kweli, njia ni nyingine, nyepesi zaidi, anaongeza kipimo cha hii hii. Hataki kubahatisha. Akasema: muulize mama yako, tafadhali, lakini muulize kweli.

Nilimuuliza Mama. Nilimuuliza kweli.

Mama hakunitazama mimi. Alimtazama daktari, akanyoosha shingo, akasema kwa Kiswahili safi kabisa, kama aliyekariri:

"Amekula kinga kila siku. Sijaruka hata siku moja."

Mama Resty akadakia toka kitandani kwake: "Amekula? Dawa inakuliwa? Wakimbizi nyinyi! Dawa inakunywewa!" Akacheka, akampigapiga mtoto wake mgongoni. Daktari alitabasamu kwa heshima. Hakuelewa.

Mimi nilielewa.

Kwa Kiswahili hakuna uongo hapo. Amekula. Mama hakusema amekunywa. Lakini kwa Kiingereza kuna kitenzi kimoja kidogo, "take", kinachobeba vyote viwili, cha kidonge na cha chakula, na ndicho kilichonijia mdomoni. Ningekitoa na kila neno lingekaa mahali pake. Nisingeongeza. Nisingepunguza. Papa mwenyewe asingeona kosa.

Nikitafsiri sawasawa kabisa, nitakuwa nimedanganya.

Nilifungua mdomo, nikasema naomba nifikiri neno. Daktari akasema sawa, akaenda kwenye kitanda cha dirishani. Atarudi.

Ndiyo maana naandika. Mkono ukiandika, akili yangu inatulia.

Mama amekaa upande wa pili. Ameshika kopo kwa mikono yote miwili, amelifunika. Anajua ninachofikiri. Ameniambia kwa Kirundi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kwamba watasema tena. Kwa Dieudonné walisema amechelewesha. Kwa huyu watasema nini? Kisha akasema: lakini wewe ndiye mwenye maneno.

Nimetamani kumkumbusha kwamba mimi pia niliisikia sauti ile. Nilisimama mlangoni, mguu ndani, mguu nje, na nilimsikia kaka yangu kwa masikio yangu haya. Sijui ilikuwa nini. Sijui uyoga unasikia nini gizani. Labda alikuwamo. Labda hata sasa yumo, amelala chini ya ile mifuko, anangoja mtu afunge. Siwezi kulipima hilo kwenye maabara yoyote na sitamnyang'anya Mama.

Lakini kidonge hakikuwamo kwenye kopo. Hilo najua.

Irakiza amesogeza mdomo. Nimeinama. Safari hii hakusema kitu, ni pumzi tu, fupi fupi, ya moto.

Nimetayarisha sentensi. Nimeipanga kwa Kiingereza kichwani, fupi, haina urembo. Inaanza na neno uyoga. Ya pili inasema kwamba ni mimi niliyetafsiri, kule Juru, na kwamba mama yangu hakuchelewa.

Hiyo ya pili hakuna aliyeniuliza. Ni ya kuongeza. Papa atanisamehe.

Mama ameliweka kopo juu ya kitanda, katikati yetu. Mfuniko ameutoa kwa mkono wake mwenyewe. Hanitazami.

Daktari amemaliza dirishani. Ananawa mikono.

Sasa ni sisi.